Niliyemkaribisha Chini ya Mwavuli Mwekundu

Kabla hujaanza kucheka, ngoja nikuambie mimi ni mtu wa namna gani. Sinywi. Giza siliogopi, maana hapa Brussels ukiogopa giza utajifungia ndani kuanzia Oktoba mpaka Machi. Mambo ya majini nimeyasikia Tanga tangu utotoni, na nilikuwa wa kwanza kuyadhihaki. Haya ninayokusimulia sikuhadithiwa na mtu. Yamenipata mimi, na majirani zangu wa mtaa wa Auderghem wanaoniona natembea nimeacha nafasi upande wangu wa kushoto wanadhani nina ugonjwa wa nyonga.

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Msichana wa Kitanzania au wa Kikenya akiolewa mji huu, hina ya miguuni kwake huenda nimeichora mimi, na kilemba cha mama yake nimekifunga mimi. Mume wangu alinitangulia mbele ya haki, na mtoto wa tumboni sikujaaliwa. Lakini nilikuwa na Rukia. Rukia ni mtoto wa kaka yangu. Mama yake alifariki yeye hajaanza hata shule, nikamchukua, nikamlea, nikaja naye huku. Usiniambie shangazi si mama. Mimi ndiye niliyemsuka, ndiye niliyemchapa, ndiye niliyekesha naye akiwa na surua. Aliponiambia amepata mchumba nililia, na machozi hayajakauka nikaanza kuwaza nitamvalisha nini.

Mchumba mwenyewe Mjapani. Ndiyo, Mjapani, umesikia vizuri. Anaitwa Kenji. Alikaa Tanga akijitolea kufundisha hesabu sekondari, Rukia akaenda likizo, wakaonana kwenye harusi ya watu, na ya Mungu mengi. Kiswahili anakisema vizuri kuliko vijana wetu waliozaliwa huku. Alishasilimu, na akikuamkia "shikamoo shangazi" anainama mpaka unamwona utosi. Nilimtafutia kasoro mwezi mzima nikaikosa, ikabidi nimpende.

Mama yake Kenji, ambaye angefika wiki ya harusi, aliomba jambo moja tu. Kwao, bibi harusi akitoka anatembea polepole, na nyuma yake yupo mtu anayemshikia mwavuli mkubwa mwekundu, wa mwanzi na karatasi iliyopakwa mafuta, juu ya kichwa chake. Wekundu ule unafukuza mabaya. Mama alitaka Rukia apite chini ya mwavuli ule ule aliopita yeye, na mama mkwe wake kabla yake. Na wa kuushika awe mwanamke aliyemlea bibi harusi. Yaani mimi. Nilijisikiaje? Nilivimba kichwa, sikufichi.

"Kwao mwavuli, kwetu kanga," Rukia akaniambia. "Kitu kimoja tu shangazi, bibi harusi asiachwe wazi."

Mwavuli ulitangulia kabla ya mama, umeletwa na ndugu yao aliyekuwa safarini. Kenji akanikabidhi pale kituo cha metro cha Porte de Namur alipotoka kazini, umo ndani ya mfuko mrefu wa kitambaa.

"Mama atakuonyesha namna ya kuushika akifika," akasema.

"Mwanangu, miavuli nimeanza kushika wewe hujazaliwa," nikamjibu. Akacheka, akainama, akaenda zake.

Kutoka hapo nikaingia Matonge, mtaa wa Waafrika, kwa Maman Béa, msusi wangu, mama wa Kikongo mwenye mikono laini na mdomo usiopumzika. Ilikuwa Novemba. Nilipotoka kwenye kiti nywele zilikuwa zimenyooka, zinang'aa, mtu mzima nimependeza kama bibi harusi ni mimi. Nje giza limeshaingia, maduka bado wazi, na mvua inanyesha.

"Maman, mvula iko inanyesha, alors unaenda wapi na nywele ya namna ile?" Maman Béa akapiga kelele. "Ngoja kwanza!"

Sikungoja. Mwavuli wangu wa kawaida upepo wa mji huu ulishauvunja. Nikatazama ule mfuko. Kitu kimepakwa mafuta ili kizuie maji, sasa nikibebe kama mtoto na mimi nilowane? Wewe ungefanyaje? Nikautoa pale mlangoni, nikausukuma taratibu, ukafunguka kwa kukwaruza kidogo, na harufu ikanipiga, ya mafuta ya ufuta yaliyokaa sana chupani. Ulikuwa mkubwa. Watu watatu wangeenea chini yake. Taa za duka zilipita kwenye karatasi zikaniangukia mikononi kwa rangi nyekundu.

Nikashuka barabarani kuelekea metro. Watu wananitazama, na mimi natazamika, sina neno. Nikafika kwenye duka moja la viatu lililofungwa, na mbele ya duka hilo amesimama mwanamke peke yake, mvuani.

Alivaa nyeupe tupu. Si gauni la harusi kama la huku, ni joho zito la hariri lililofunga kifuani, linaburuza chini, na kichwani kofia kubwa nyeupe ya kitambaa iliyoinama mpaka ikamficha macho. Nikaona kidevu tu na midomo iliyopakwa rangi nyekundu. Unajua nilidhani nini? Nilidhani ni mgeni wetu. Picha za bibi harusi wa Kijapani Kenji alishanionyesha, mavazi yale yale. Nikasema huyu ni ndugu wa mama mkwe, amekuja kabla ya wenzake, kajaribu nguo, kapotea njia. Na hata kama si yeye, ni binadamu, yuko mvuani, na mimi nina mwavuli wa watu watatu. Nimezaliwa pwani. Mdomo wangu haukuomba ruhusa kwa akili.

"Karibu dada," nikasema. "Karibu, nafasi ipo."

Naapa, nilimwambia kwa Kiswahili. Na alielewa. Aliinamisha kichwa, akaja.

Mwanzo sikuona ajabu. Alipita upande wangu wa kushoto, akatangulia nusu hatua, tukaanza kutembea. Nikamsalimia kwa Kifaransa changu kibovu, hakujibu. Nikajisemea, haya, mwali wa watu, kazi yake ni kunyamaza. Ndipo nikagundua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mvua ilikuwa inagonga karatasi upande wangu tu. Upande wake kimya. La pili, nilikuwa nalowana. Mkono wangu ulikuwa umenyooka mbele, mwavuli karibu wote uko juu yake yeye, na mimi natembea nyuma yake nywele zinamwagikiwa maji. Nilikuwa namshikia. Nilikuwa nafanya hasa ile kazi niliyopewa nimfanyie Rukia.

Nikajaribu kuurudisha mwavuli kwangu. Mkono ukagoma. Nikajaribu kuufunga, nikavuta ile pete ya mpini kwa nguvu zangu zote, haikusogea. Nikatazama chini. Joho lake lilikuwa linaburuza kwenye maji ya barabara, na pindo lilikuwa kavu, jeupe. Basi hapo nikaanza kusoma dua ninazozijua, na nikisoma nasahau katikati, narudia mwanzo.

Watu walikuwa wanapita, mji una watu tele. Hakuna hata mmoja aliyempisha. Walikuwa wananitazama mimi, wanakunja uso, wanaendelea na safari zao.

Tukaipita metro. Tukashika barabara ya Ixelles, tunateremka. Hakuniuliza njia. Alikata kushoto pale ninapokata kushoto mimi kila Jumapili, akapita duka la mikate ninaponunua mimi, na tulipofika usawa wa mabwawa nikajua tunakokwenda. Rukia anaishi nyuma ya mabwawa yale.

Sasa nisikilize vizuri. Mpaka hapo nilikuwa naogopa kwa ajili yangu. Kuanzia hapo nilisahau kabisa kama nipo. Mwanangu alikuwa na siku nne tu aolewe, na mimi, somo wake wa kumfunda, nilikuwa namletea mlangoni bibi harusi mwingine chini ya mwavuli wake. Harusi moja haina mabibi harusi wawili. Akiingia huyu, yupi atatoka? Nililia pale barabarani nikimwomba, dada, tafadhali, usiende huko, geuka. Alikuwa anatembea tu, polepole, kama wanavyofundishwa.

Mbele ya mlango wa Rukia akasimama. Hakugonga. Alisimama ameinamisha kichwa, mikono ameificha ndani ya joho, anangoja. Nikaelewa anangoja nini. Mwali hajigongei mlango. Aliyemleta ndiye anayebisha hodi, na mwenye nyumba ndiye anayekaribisha. Nikafunga mdomo wangu, nikauma meno. Nikasema hata tukisimama hapa mpaka asubuhi, hodi haitoki kinywani mwangu.

Nilimsahau Rukia mwenyewe. Ghorofa ya kwanza taa ilikuwa inawaka, pazia likafunguliwa, nikasikia miguu inateremka ngazi mbio. Mlango ukafunguka.

"Shangazi! Shikamoo. Mbona umelowa hivyo?" Akamtazama mwenzangu. Akamwona. Watu wote wa njiani hawakumwona, mwanangu akamwona. Uso ukamchangamka, akajifuta mikono kwenye dera. "Yaani wageni wameshafika na hamkuniambia? Jamani! Kari..."

"Nyamaza!"

Sijawahi kumpigia Rukia kelele ya namna ile, hata alipokuwa mdogo. Yule mwanamke alikuwa ameshainua mguu mmoja, umefika usawa wa kizingiti, umesimama hapo hapo.

"Usilimalize hilo neno," nikamwambia. "Rukia, kama nilikulea mimi, usilimalize."

"Shangazi, huyu nani?"

Nikajiuliza nifanye nini. Kufukuza? Umeshawahi kumfukuza mgeni uliyemwita mwenyewe? Hana kosa. Alikuwa kasimama zake, nikamwambia karibu, akaja. Kwetu mgeni wa namna hiyo hafukuzwi. Anapelekwa kwa aliyemkaribisha. Nilijua ninalotaka kusema lina maana gani. Nilijua, usije ukadhani sikujua. Nikamtazama mwanangu, hina hajachorwa bado, nikasema.

"Huyu ni mgeni wangu, Rukia. Si wako wala si wa nyumba hii. Funga mlango." Kisha nikamgeukia yule. "Dada, nilikukaribisha mimi. Nyumba yangu ndiyo yako. Twende kwetu."

Aliushusha mguu. Akageuka, kwa mara ya kwanza akainua uso, nikamwona chini ya ile kofia. Ungependa nikuambie nilimwona hana macho, au meno marefu. La. Nilimwona msichana. Rika la Rukia, poda imepakwa vizuri, aliyempaka alikuwa fundi, na machozi yameacha mstari mmoja kwenye poda. Midomo ilikuwa inamtetemeka kama mtu aliyeambiwa neno zuri baada ya kusubiri sana. Nikamwonea huruma, Mungu anisamehe. Mpaka leo sijui kama ile huruma ndiyo iliyonimaliza.

Mlango wa Rukia ukafungwa nyuma yangu. Mwavuli haukufungika, kwa hiyo hatukuweza kupanda tramu wala basi. Tulitembea kwa miguu mpaka Auderghem, yeye mbele, mimi nyuma, nalowana. Mlangoni kwangu nikasema karibu mara ya pili, kwa sauti, makusudi. Mwavuli ukajifunga wenyewe mkononi mwangu.

Kesho yake Maman Béa akanipigia simu. Jioni ile alikuwa kasimama mlangoni kwake anavuta hewa, akanifuata kwa macho.

"Maman, nilikuona jana, nilishangala sana," akaniambia. "Ulikuwa unabebea parapluie ile nyekundu muntu mwenye haiko. Weye unalowana, na mbele hakuna muntu. Bon, nilisema pengine uko unaomba."

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa naomba. Uongo haukuwa mkubwa.

Mama yake Kenji alipofika, Kenji akamsimulia yaliyonipata, kama nilivyowaeleza yeye na Rukia. Yule mama alikuja kwangu siku hiyo hiyo, hajafungua hata sanduku. Alikaa chini sakafuni kwangu, akainama mpaka paji la uso likagusa zulia, akalia. Kenji ndiye aliyekuwa anatafsiri. Mwavuli ule, mama alisema, ulitengenezwa kwa ajili ya msichana mwingine, aliyechumbiwa na babu yake Kenji. Aliugua wiki ya harusi, akafa nguo zimeshakaa tayari. Mwavuli ukakunjwa, babu akatafutiwa mke mwingine. Tangu hapo mabibi harusi wa nyumba ile wote wamepita chini yake salama, kwa sababu haufunguliwi mpaka bibi harusi awe ameshasimama mahali pake. Kamwe haufunguliwi mtupu. Alitaka kunieleza kwa mdomo wake mwenyewe, uso kwa uso, kwa kuwa ni jambo la wanawake wa nyumba ile, halitumwi kwa mtoto wa kiume. Unaona? Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Akaniuliza kama yupo hapo tulipokaa. Nikamwonyesha kiti cha kushoto kwangu. Yule mama akageuka, akainamia kile kiti pia.

Siku moja kabla ya harusi nikajaribu. Nilichukua hina yangu na mkoba wangu, nikaenda kwa Rukia mchana kweupe, jua la baridi limewaka. Nilipofika mlangoni ile harufu ya mafuta ya ufuta ikanijia begani. Nikatupa jicho pembeni, nikaona pindo jeupe limetulia karibu na kiatu changu. Alikuwa anangoja nibishe hodi. Niliweka mkoba kizingitini, nikaondoka, nikampigia Rukia simu nikiwa njiani.

"Maman Béa atakuchora," nikamwambia. "Mimi sitakuja."

"Hata kesho?"

"Hata kesho, mwanangu."

Alilia, nikalia. Harusi ilifana, wanasema. Mama mkwe ndiye aliyemshikia, mwavuli wa kawaida wa dukani. Mimi siku hiyo nilikaa jikoni kwangu nimevaa sare yote, dera na kilemba, na yule mwenzangu amekaa kushoto. Sote wawili tumevaa vya harusi na harusini hatupo.

Usidhani nimekaa tu. Nilikwenda kwa sheikh, mtu mwema, akanisomea muda mrefu. Alipomaliza akaniuliza, "Uliingiliwa, au ulimkaribisha kwa mdomo wako?" Nikamwambia nilimkaribisha, tena mara mbili. Akaniambia niendelee kuomba, na hakutaka kunidanganya kuwa ataondoka. Mama yake Kenji naye aliupeleka mwavuli kwa wazee wao wa dini, ukaombewa, ukachomwa kwa heshima. Akanipigia simu. Walimwambia mwavuli ulikuwa mtupu. Hakukuwa na mtu ndani yake tangu siku nyingi.

Ananidhuru? Hapana. Hagusi kitu. Mvua ikinyesha, bega langu la kushoto halilowi, na usiku nasikia hariri inasogea. Anafuata tu. Ninakokwenda naye anakwenda, na kwa Rukia siendi. Mimi na Rukia tumeonana mara chache bustanini, kwenye benchi, mbali na nyumba ya mtu yeyote, na hata hapo namwambia akae upande wa kulia.

Kisha Rukia akajifungua mtoto wa kike. Wamempa jina langu. Bustanini simruhusu aje naye, namwona kwenye simu tu, na amechukua macho ya kaka yangu, yale yale. Ameanza kusema. Rukia anamfundisha adabu, kama nilivyomfundisha yeye. Jumapili moja mvua inanyesha, mtoto akashika simu kwa mikono miwili, uso umejaa kwenye kioo, akaniambia, "Bibi. Kaibu. Kaibu dani."

Kushoto kwangu nikasikia hariri inanyanyuka kitini.

Niliizima simu. Nikasimama katikati ya mlango wa nyumba yangu, nimeshika huku na huku, nikawa nasema, "Hakusema na wewe. Amesema na mimi. Amesema na mimi, dada, kaa chini." Nilirudia mpaka sauti ikanikauka. Baadaye nikasikia amekaa. Tangu hapo napiga simu mtoto akiwa amelala, Rukia ananionyesha kitanda, namtazama anavyopumua, basi.

Sasa wewe uliyenisikiliza, ukarimu usiuache, mimi si mtu wa kukufundisha uchoyo. Lakini ukimkuta mtu amesimama mvuani na nguo zake ni kavu, pita. Ukishindwa kupita, kabla hujatamka lile neno, muulize kwanza anakwenda kwa nani. Mimi sikuuliza, na mtoto aliyepewa jina langu sijamshika hata siku moja.